Fishi ya Mademoiselle Godelive

Mwezi uliopita tulimzika Tata Anaclet hapa Kolwezi, na tangu siku ile naamka asubuhi, nakaa pembeni ya kitanda, sijui nianzie wapi. Hakuwa ndugu yangu. Alikuwa mdogo wake Mademoiselle Godelive, mwalimu aliyenifundisha mwandiko na mashine ya kuchapa, na Anaclet ndiye aliyekuwa amebaki hai wa mwisho ambaye nilipaswa kumwambia jambo moja. Kwa miaka zaidi ya thelathini nilikutana naye sokoni, kanisani, kwenye vilio vya watu. Aliniuliza habari za watoto, nami nikamuuliza habari za miguu yake iliyokuwa inavimba, kisha tukaachana. Kila mara nilijiambia leo nitasema. Wanasema majuto ni mjukuu. Basi mjukuu wangu huyu ameota mvi.

Kwenye kilio chake, tulipokuwa tunasubiri sanduku litoke hospitalini, vijana walibishana chini ya hema. Binti mmoja anayefanya kazi katika ofisi ya mgodi alieleza kwamba fomu zao mpya hazina tena Mademoiselle. Kila mwanamke ni Madame, awe ameolewa au hajaolewa. Wavulana walicheka. Mmoja akauliza, “Sasa tutayua namna gani nani eko libre?” Binti akamjibu kwamba mwanaume ni Monsieur tangu anapoota ndevu mpaka kaburini na hakuna anayemuuliza kama ana mke. Wakanigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa: “Na weye, Mama Béa, unasema nini?” Nikasema naenda kuangalia masufuria. Nikaenda kweli, nikasimama mbele ya sombe iliyokuwa inachemka, na moshi ulinipa sababu nzuri ya kufuta macho.

Mwaka yalipotokea mambo haya nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilishuka treni kutoka Lubudi na sanduku la bati, nimepata nafasi katika shule ya ukarani ya wasichana. Masomo yalikuwa ya mwaka mmoja. Ukimaliza unapewa brevet, na mwenye brevet siku zile hakukosa meza katika ofisi yoyote ya Kolwezi. Shule haikuwa na mahali pa kulala, kwa hiyo mwalimu wa mwandiko akanichukua kwake. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili na jiko la nje, katika mtaa wa wafanyakazi, si mbali na mashimo ya shaba. Kila siku saa sita walilipua miamba. Kabla ya saa sita alikuwa anashusha sahani kutoka kwenye rafu na kuzipanga juu ya kitanda, halafu tunasubiri. Nyumba inatikisika, vumbi jekundu linadondoka kutoka darini, anarudisha sahani mahali pake, tunakula. Ukuta wa sebuleni ulikuwa na ufa mrefu, naye aliubandika kurasa za kalenda za zamani. Nililala chini ya ufa ule, kwenye mkeka, na asubuhi nilikuta vumbi katika nyusi zangu.

Alikuwa na umri wa miaka hamsini, mwembamba, nywele zimekuwa nyeupe mbele, viatu vyake vimepigwa rangi hata siku ya mvua. Hakuwa na mume wala mtoto. Kwetu mwanamke anaitwa kwa mtu mwingine: Mama wa fulani, Madame wa fulani. Asiye na wa kumpa jina, watu humpa Madame ya bure, kama mtu anavyompisha mzee kwenye kiti. Yeye aliikataa. Mgeni akimsalimu “Bonjour, Madame,” anamtazama kwa upole na kumuuliza, “Madame ya nani?” Mgeni anachanganyikiwa. “Mi ni Mademoiselle,” anamalizia, kisha anamletea kiti na maji ya kunywa. Parokiani kwetu akina mama walioolewa walikaa mbele wakiwa wamevaa vitenge vya sare, na wasioolewa walikaa nyuma na wasichana. Alikaa nyuma na sisi, na mvi zake, na siku za sikukuu alibeba nasi bendera ya Bikira. Niliona watu wakipigana viwiko. Majirani wakisukana nywele kwenye baraza nao niliwasikia, wakitamka Mademoiselle kwa namna yao: “Ule Mamuzele, kichwa yote mvi, angali anaitika Mamuzele. Haone haya?”

Hakuona haya. Sikuwahi kumwona akiona haya hata siku moja, na nataka msomaji ashike hilo. Mimi ndiye niliyeona haya kwa niaba yake. Tukipita pamoja sokoni, mtoto wa mwanafunzi wake wa zamani akaita “Mademoiselle!” kwa sauti, nilijifanya naangalia nyanya.

Sababu yake aliniambia mara moja tu, siku aliyokuja Madame Charlotte. Huyu alikuwa mwalimu wa ushonaji shuleni kwetu, na alikuwa amepewa kazi ya kuongoza shule huko Tenke. Sheria ya wakati ule ilitaka mke aletee ofisi karatasi ya ruhusa kutoka kwa mumewe, na mume alikataa kutia saini. Madame Charlotte aliingia jikoni, akaketi, akakata tonge la bukari, akalichovya katika lengalenga na kulirudisha sahanini. “Anasema, nani atamupikia,” alisema. Mademoiselle Godelive alimwongezea mboga, na Madame Charlotte akala akilia. Alipoondoka, nilikuwa naosha vyungu, na mwalimu wangu akasimama nyuma yangu. “Béa, umeona? Kiwanja hii ya nyumba nilitia saini mi mwenyewe. Kazi yangu, mi mwenyewe. Madame anaombaka ruhusa. Mademoiselle anatiaka saini. Batu baniite vile banataka, lakini mukono ni yangu.” Nikaitikia “Ndiyo, Mademoiselle,” kama mtu anayeitikia mahubiri. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilitaka kuolewa.

Niliolewa baadaye, nikawa Madame kwa miaka ishirini na sita, na sasa katika karatasi naandikwa mjane. Sheria imebadilishwa, binti zangu hawaombi ruhusa ya mtu ili wafanye kazi. Vijana wanaponiuliza kama maneno hayo yamepitwa na wakati, nasikia swali lao ni la watu ambao bado hawajaumia nalo, na nawaonea wivu. Mimi kwanza nilidhani Madame ni heshima, basi. Nilidhani mtu akipewa heshima zaidi ya ile anayoitaka, haimpunguzii kitu.

Mvua zilipoanza, alianza kutokwa na damu. Alificha. Niliona shuka ndani ya beseni kabla ya jua kutoka, nikaona anakaa darasani badala ya kupita kati ya mashine, lakini msichana hamuulizi mtu mzima mambo kama hayo. Siku moja alikuwa ameshika mkono wangu kuniongoza herufi. Alitufundisha hivi: kalamu ikishuka, mstari mnene, ikipanda, mwembamba. Kalamu ilipokuwa inapanda, mkono wake ukaniachia, akaanguka katikati ya meza mbili. Tulimpeleka hospitalini kwa kamionete ya jirani. Nilikaa nyuma, kichwa chake kwenye mapaja yangu, na nilimshikilia mtandio usipeperuke kwa sababu nilijua angechukia watu wamuone nywele zimevurugika.

Ukumbi wa hospitali ulijaa. Vijana wawili kutoka machimbo ya Mutoshi walikuwa na miguu iliyofungwa vitambaa, kina mama wamekaa chini na watoto mgongoni. Kwenye meza muuguzi kijana alikuwa anasoma kila fishi, karatasi ya mgonjwa, kwa sauti ili watu waitike. Mbele yetu aliita msichana mmoja: “Mademoiselle fulani, damu.” Benchi zima liligeuka. Muuguzi akamtazama kuanzia miguuni mpaka kichwani. “Mademoiselle na damu? Mimba ulitoshea wapi?” Kusikia habari ya kutoa mimba, watu wakacheka. Msichana alijifunika uso na kitenge, na hata leo sijui alikuwa na ugonjwa gani. Kisha muuguzi akaniita mimi, akaona naweza kuandika, akanitupia fishi yetu nijaze mwenyewe. Nyuma yangu Mademoiselle Godelive alikuwa ameegemea ukuta, macho amefumba, damu imefika kwenye viatu vyake. Juu ya fishi kulikuwa na maneno matatu, Monsieur, Madame, Mademoiselle, na maagizo ya kufuta yasiyofaa. Nilifikiria sauti ya yule kijana. Nilifikiria benchi. Nikafuta Monsieur, kisha nikafuta Mademoiselle, mistari miwili iliyonyooka vizuri. Muuguzi akasoma, “Madame Godelive,” na hakuna aliyegeuka. Niliona nimefanya jambo jema, nakiri, hata nilijisifu kidogo moyoni.

Daktari alimpima siku ya pili. Alisema kuna uvimbe, kizazi kitolewe, si jambo la kusubiri sana, lakini ipatikane kwanza saini ya mume. Nilikuwa nimeenda kuchota maji ya kumwogesha. Niliporudi, pazia la kitanda chake lilikuwa limefungwa, na ndani alikuwa Mama Séraphine, mkuu wa wauguzi wa wodi ya wanawake. Hakuwa mtu mbaya, Mama Séraphine. Alikuwa mtu aliyechoka na aliyeogopa. Nikasimama na beseni langu.

“Bwana yako eko wapi?” aliuliza.

“Mama, sina na bwana. Sikuolewaka.”

“Apa kwa fishi kunaandikwa Madame.”

“Ni Mademoiselle. Banakosea.”

“Bote banasemaka vile, kama bwana anakatala. Mwaka ingine tuliaminiaka moja. Munganga akamutosha kizazi, kumbe bwana eko. Alikuya hapa na bapolisi, munganga akalala mu kashoti siku tatu. Mi sitaki tena.” Nilisikia karatasi ikigeuzwa. “Na nani aliandika hii? Ni ule mutoto wa masomo analala na weye? Kama njo yeye, ni bongo, anadanganya kwa mukanda ya lupitalo. Leo leo naandikia directrice yake. Brevet ataisikia tu.”

Mtihani wa brevet ulikuwa umebaki siku nane. Nilisubiri Mademoiselle aseme, ndiyo, mutoto alikosea, umusamehe, ufute. Ingetosha. Nilisikia anavuta pumzi, halafu nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ndogo, ya mtu anayejishusha.

“Hapana, mama. Mutoto haina na kosa. Mi njo nilimuambia aandike vile. Nilikuwa naona haya.”

“Unaona sasa?” alisema Mama Séraphine. “Asubui Madame, mangaribi Mademoiselle. Tutakuamini namna gani? Leta mukanda, karatasi ya komini, inaonyesha kama haukuolewaka, na ndugu yako moja akuye kuhakikisha.”

Kati yangu na kitanda kile kulikuwa na pazia la kitambaa cha kijani na hatua tatu. Ningepiga hatua tatu, nikasema ni mimi, nilifuta kwa mkono wangu na sikuambiwa na mtu, Mama Séraphine angenitukana, angemwandikia mkuu wa shule, nami ningerudi Lubudi na sanduku langu la bati. Na huenda angechukua kalamu pale pale na kurekebisha fishi. Nilijua hayo yote, niliyajua wakati ule ule, sikungoja kuyatambua nilipokuwa mtu mzima. Maji yalikuwa ya moto nilipoyachota. Yalipoa mikononi mwangu. Mama Séraphine alifungua pazia, akanikuta, akanipita. Niliingia, nikamwosha mwalimu wangu uso na miguu. Alinitazama, nikajua amejua kwamba nimesikia. “Ulikula?” aliniuliza. Nikasema nimekula. “Mutiani ni Ijumaa ingine. Usikose.”

Tata Anaclet alikuwa anachimba mbali zaidi ya Mutoshi. Nilituma ujumbe kwa mchimbaji mmoja, ukachukua siku nne kumfikia. Alikuja na matope mpaka magotini, akaenda moja kwa moja kwenye ofisi ya komini, serikali ya mtaa. Siku ya kwanza walimwambia alete mashahidi wawili. Siku ya pili aliwaleta, wakamwambia mwenye muhuri amekwenda kwenye kilio. Siku ya tatu vilevile. Kila jioni alikuja hospitalini mikono mitupu, akakaa mlangoni kwa kuwa wodi ya wanawake haikuwa mahali pake, na dada yake akamwita kutoka kitandani: “Anaclet, ulibadirisha viatu?” Damu haikukoma. Midomo yake ikawa na rangi ya majivu. Mimi nilipika uji, nikafua shuka, na siku ya Ijumaa nikaenda kufanya mtihani. Nilichapa ukurasa mzima bila kosa hata moja. Niliporudi nikamwambia, akafurahi, akaomba nimweleze barua ilikuwa inahusu nini, nami nikamweleza mstari kwa mstari.

Karatasi ilipatikana siku iliyofuata, Jumamosi. Tata Anaclet alikimbia nayo tangu komini mpaka hospitalini, ameificha ndani ya shati ili isiloe mvua. Wakampasua dada yake alasiri hiyo hiyo. Daktari alisema hakukuwa tena na damu ya kutosha mwilini mwake, kwamba wiki moja mapema ingekuwa jambo jingine. Alikufa Jumapili, muda mfupi kabla ya saa sita. Nilikuwa nimekaa naye. Baadaye nilienda nyumbani kuchukua nguo za kumvika, nikafungua mlango, nikakuta vumbi jekundu limefunika kila kitu, meza, kitanda, sahani zilizokuwa rafuni zaidi ya wiki bila mtu wa kuzishusha. Mbili zilikuwa zimevunjika. Nililia kwa ajili ya sahani kwanza, kwa kuwa hizo niliweza kuzililia bila kusema uongo.

Kilio kilifanyika uani kwake. Mama Séraphine alikuja, jambo ambalo hakulazimika kulifanya, akaketi na wanawake, na kwa nia njema kabisa akawasimulia. “Alinambia yeye mwenyewe, maskini. Alikuwa naona haya. Alitaka bamuandike Madame.” Nilikuwa nagawa chai. Niliona habari ile inapita kutoka mkeka hadi mkeka. Walewale waliosukana nywele barazani wakashika vifua. “Kumbe roho ilikuwa inamuuma!” “Miaka yote ile anajikaza, anatuuliza Madame ya nani, kumbe ni uchungu.” Walimlilia upya, safari hii kwa huruma, na katika huruma yao nilisikia kitu kama raha, raha ya watu waliokuwa wanasubiri kwa muda mrefu akubali. Mwanamke ambaye hakuwahi kuona haya hata siku moja alizikwa na mtaa mzima ukiamini kwamba alikufa kwa haya. Alijivika hiyo haya mwenyewe, mbele ya Mama Séraphine, ili mimi nipate brevet. Na ilikuwa midomoni mwangu kuwaambia. Nikauliza nani anataka sukari zaidi.

Asubuhi ya maziko fundi alileta msalaba wa mbao, mweupe, haujaandikwa kitu. Tata Anaclet aliuegemeza ukutani, akanitafuta kati ya watu. Hakujua kusoma vizuri. Alikuwa na mkebe mdogo wa rangi nyeusi na brashi, na macho yake yalikuwa yamevimba.

“Béa,” aliniambia, “weye njo uko na mukono ya muzuri, alikufundisha yeye. Andika jina yake. Lakini niambie kwanza. Bamama banasema dada yangu alitaka yeye mwenyewe bamuite Madame. Mi sikuyuaka ile. Sitaki kumuzika na jina haipendi. Weye ulikuwa naye mpaka mwisho. Ni kweli?”

Watu walikuwa wamesimama karibu, Mama Séraphine pia, na mkuu wa shule yetu amekuja na walimu wake. Matokeo ya brevet yalikuwa bado hayajatoka.

“Ni kweli, tata,” nilisema.

Akatikisa kichwa taratibu. “Basi, andika vile.”

Nikapiga magoti mbele ya msalaba, nikachovya brashi. Niliandika Madame, mnene ikishuka, mwembamba ikipanda, na nyuma yangu nikasikia mama mmoja akimwambia mwenzake kwamba yule marehemu, hata kama hakuzaa, alijua kufundisha mtoto.